Kutoka Maskati hadi Samail: Ngano Iliyopandwa Bila Plau

Nilikwenda Samail kumchukua dada yangu. Ndiyo sababu ya safari, na nnaisema mapema kwa kuwa nyinyi mliobaki Unguja kila mkituletea salamu mnauliza Thuwaiba yuko wapi, anaishi vipi, na kama kweli huku Omani kuna shamba la kulima. Lipo, nimeliona kwa macho yangu.

Dada Thuwaiba ni mkubwa wangu. Tulitoka Unguja pamoja mwaka 1964, yeye mjane asiye na mtoto, mie na mke wangu na wanetu wadogo. Hapa Maskati nikabahatika kupata kazi kwenye duka la unga na mchele, upande wa Matrah. Tukakaa wote katika nyumba ya vyumba viwili. Baada ya miaka miwili dada akaniambia, "Baba aliacha kipande cha ardhi Samail na zamu yake ya maji. Mie nakwenda kukaa juu ya changu." Tulidhani mwezi hautaisha atakuwa amerudi. Hakurudi.

Kila mwaka wasafiri walituletea habari zake, na kila mwaka habari zilizidi kuwa za ajabu. Mwisho, katika msimu wa baridi wa mwaka 1969, ammi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo hapa Maskati, aliniita barazani kwake.

"Nassor," alisema, "dadako anapanda ngano bila ya kulima."

"Bila ya kulima vipi, ammi?"

"Hapigi plau. Anatoboa matundu kwa mtaimbo kwenye ardhi kavu, anatia mbegu, anafukia. Watu wanatucheka."

Habari hizo zilitoka kwa Hamed, binamu yetu, ambaye shamba lake limepakana na la dada. Hamed alikuwa tayari kuchukua ile ardhi pamoja na zamu ya maji, na kumpa dada sehemu ya mavuno kila mwaka. Ammi aliona ni jambo la heri. Dada akakataa, kisha akakubali kwa sharti moja: mavuno ya mwaka ule yakishindwa kumlisha mpaka mavuno mengine, atampa Hamed ardhi na maji, na atashuka Maskati. Mie nilitumwa nikashuhudie hayo mavuno na kumrudisha.

Nasema "kumrudisha" kwa sababu hakuna aliyekuwa na shaka, hata mie. Kazi yangu ni unga. Nilikuwa nikipokea magunia kutoka melini, unga mweupe, umeshasagwa, unataka maji na chumvi tu. Sikuona ngano ya mwanamke mmoja na mtaimbo wake itashindana nao vipi.

Matrah, asubuhi. Ruhusa ya serikali ya kwenda ndani ya nchi nilikuwa nimeshaipata baada ya kusubiri sana. Lori lilikuwa la Mbulushi mmoja aitwaye Murad, mtu wa maneno machache na masharubu mengi. Alipakia mchele, mafuta ya taa, papa mkavu na abiria, kwa mpango huo huo, mizigo ikitangulia kupata nafasi nzuri. Mie nilikaa juu ya mchele, nikajifunga kilemba mpaka puani.

Barabara ya lami iliisha mapema. Baada ya Ruwi, na visima vyake na vijishamba vya majani ya mifugo, tulifuata njia ya mawe iliyochongwa na magurudumu ya waliotutangulia. Uwanda wa Rusayl ulikuwa mweupe, mtupu, na migunga michache imesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Nilijiuliza nani atakaa mahali kama pale. Halafu milima ikaanza kutukaribia pande zote mbili, milima ya rangi ya chuma, haina hata jani moja, na lori likateremka kwenye wadi, yaani ule mto mkavu wa changarawe, likawa linakwenda ndani yake kama punda mzee, likisimama, likifikiri, likiendelea.

Fanja, adhuhuri. Hapa nilipumua. Mtu anayetoka kwenye mawe yale akaona mitende na maji yanayopita baina yake, moyo unamlainika hata kama si mtu wa mashairi. Tuliteremka kuswali, kisha mzee mwenye nyumba karibu na njia akatukaribisha kahawa na tende. Alinitazama kanzu yangu, akanisikiliza Kiarabu changu, akatabasamu.

"Wewe ni mtu wa Zinjibar."

"Ndiyo."

"Unakwenda wapi?"

Nikamwambia Samail, kwa dada yangu. Aliposikia jina la kijiji aliweka kikombe chini. "Yule bibi anayeidunga ardhi sindano?"

Waliokuwepo wakacheka, na Murad naye masharubu yakatikisika. Nilicheka pamoja nao kwa adabu ya mgeni, lakini uso uliniwaka. Mzee akaniona. Akaniongezea kahawa, akasema kwa upole, "Usikasirike, mwanangu. Tunacheka kwa kuwa tunataka kujua. Ukirudi, pita unambie ngano imekuwaje."

Samail, alasiri. Lori liliniacha chini ya kijiji, nikapanda kwa miguu nikiufuata mfereji. Wenyewe wanauita falaji. Maji yanatoka chini ya mlima, mbali, yanapita kwenye mfereji uliojengwa kwa mawe na chokaa na watu ambao hakuna tena anayejua majina yao, na yanagawiwa kwa zamu, shamba baada ya shamba, usiku na mchana. Mwenye zamu anafungua kijiziba chake cha udongo, muda wake ukiisha anakifunga, na jirani anafungua chake. Mtu hana ardhi kama hana zamu. Nilisimama nikayatazama maji yale, safi, yanakwenda bila kelele baina ya mitende, na nakiri nilisahau kwa muda kilichonileta.

Dada alikuwa mlangoni, mkono juu ya macho. Alikuwa amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umenenepa, Nassor. Huo unga mnauuza au mnaula?"

Basi nikajua ni yeye yule yule. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha udongo na ua. Alinipikia wali na papa, akaniuliza habari za kila mtu, mpaka za watu nisiowakumbuka. Habari ya ammi hakuigusa. Tulipomaliza kula alisema, "Kesho asubuhi utaliona shamba. Leo pumzika."

Asubuhi ya pili. Shamba la dada lilikuwa limekatwa vijiwanja vidogo, kila kimoja na tuta lake la kuzuia maji. Ngano ilikuwa imeiva, inafika kiunoni, masuke yake mazito na ya rangi ya shaba. Upande wa pili wa tuta lilikuwa shamba la Hamed. Sitaficha: la Hamed lilikuwa zuri zaidi. Lilisimama limeshikana, huoni ardhi. La dada lilikuwa mistari mistari, na chini yake yalilala mabua ya mtama wa msimu uliopita, yaliyooza nusu.

"Mbona hukuyaondoa mabua?" nilimuuliza.

"Chuchumaa, tia mkono chini yake."

Nikachuchumaa. Juu kulikuwa kukavu, chini ya mabua udongo ulikuwa na ubaridi na unyevu, na ulimegeka vidoleni.

"Maji yangu ya mwisho nimetia kabla ya Hamed," alisema. "Yeye kamwagilia tena baada yangu, na tena. Jua linampiga ardhi tupu. Mie langu nimelifunika."

Alinieleza, tukiwa tumekaa juu ya tuta. Mwaka wa kwanza alifanya kama wenziwe, akangoja plau. Kijijini wenye mafahali ni wachache, na mwenye fahali hulima kwake kwanza, kisha kwa nduguze, kisha kwa wanaolipa vizuri. Mjane aliyekuja juzi kutoka Unguja yuko mwisho wa foleni. Zamu yake ilipofika, baridi ilikuwa imeshapita nusu. Akapanda kwa kuchelewa, na ngano ilipokuwa inatia maziwa upepo wa joto ukaja, punje zikasinyaa. Na juu ya hayo akamlipa mwenye fahali sehemu ya mavuno, maana mkataba ni mkataba, suke lijae lisijae.

"Nilikaa nikajiuliza," alisema, "hili plau nnalolingojea linanipa nini? Linalainisha ardhi. Na kabla ya kulainisha inabidi ardhi inyweshwe maji tele, ndipo fahali aweze kuvuta. Basi nnalipa maji, nnalipa plau, nnalipa na siku za baridi, ambazo ndizo ghali kuliko vyote. Nikasema, mbegu yenyewe inataka tundu la urefu wa kidole. Kidole tu, Nassor! Ntaligeuza shamba zima kwa ajili ya kidole?"

Mwaka wa pili alichukua mtaimbo akapanda mapema, bila kugusa ardhi nyingine yoyote. Ilikuwa balaa. Matundu yalikuwa marefu mno, mbegu nyingine zikachoka njiani, na chungu wakabeba zilizobaki. Alikula mtama na tende mwaka mzima. Huo ndio mwaka uliompeleka Hamed kwa ammi.

"Na hukukata tamaa?"

"Nilikata. Nililia hapa hapa tulipokaa. Halafu nikaona ile michache iliyoota imekomaa vizuri, mapema, kabla ya upepo. Nikasema kosa liko kwenye tundu na chungu, haliko kwenye kupanda."

Mwaka huu wa tatu alitoboa matundu mafupi, akachanganya mbegu na jivu, akafukia kwa samadi ya mbuzi. Samadi aliipata kwa jirani yake, Bi Rayya, mwanamke mwenye mbuzi wengi na mume mgonjwa. Dada alimpa zamu za maji ambazo hakuzihitaji, na Bi Rayya akamletea samadi. Magugu ndiyo yaliyomtesa. Ardhi isiyopinduliwa haiyaui, na yeye na wanawake wawili wa kijijini waliyang'oa kwa mkono, wakitambaa kwa magoti kuanzia kiwanja hiki mpaka kile. Alinionesha magoti yake. Yalikuwa yamevimba na kuota sugu.

Tulianza kuvuna kesho yake. Mie, muuza unga, sikuwahi kushika mundu maishani. Nilijikata kidole kabla jua halijapanda, dada akanifunga kitambaa akanipa kazi ya kufunga miganda. Tulimaliza siku chache baadaye, na Hamed naye alimaliza, maana yeye ana mafahali wake na alipanda mapema pia.

Adhuhuri moja, miganda ikiwa kiwanjani, upepo ukaja. Nyinyi mnajua kaskazi na kusi. Huu hauna jina la baharini. Unatoka jangwani, unafungua mdomo wa wadi kama mlango wa tanuri ya mkate. Maji ya mtungi yalikuwa moto. Mashamba ya waliongoja plau yalikuwa bado yana kijani, na kwa siku mbili yakageuka meupe mbele ya macho yetu. Bi Rayya alikuja uani kwa dada na suke moja mkononi, akalisugua, akafungua kiganja. Punje zilikuwa nyembamba kama mbegu za bizari.

"Lote liko hivi," alisema kwa Kiarabu, akakaa chini.

Dada alikaa karibu naye. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Kiwanja cha kupuria. Hii ndiyo siku niliyotumwa kushuhudia. Hamed alipura kwa kuwazungusha mafahali juu ya miganda, dada na wanawake wake kwa kupiga fimbo. Wakapepeta, makapi yakaruka na upepo, na yakabaki mafungu mawili juu ya mikeka. Hamed alikuwa mtu mzima wa heshima, alifanya kazi Pemba katika ujana wake, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizuri. Alisema shamba lake la mpakani ni sawa na la dada kwa ukubwa, basi tupime yote mawili kwa pishi moja, kila mtu aone.

Watu walikusanyika. Fungu la Hamed lilikuwa kubwa zaidi, hata bila kupima. Nilihisi moyo unashuka, na nilishangaa kuwa unashuka, maana nilikuja kwa ajili hiyo hiyo.

"Binti ammi," Hamed alisema, si kwa kejeli, "umejitahidi. Lakini macho yanaona."

"Macho yanaona kilichotoka shambani," dada alisema. "Mie nataka kuona kinachoingia nyumbani. Tutoe kwanza cha watu."

"Haya, tutoe."

"Mbegu ya mwakani."

Hamed alitoa yake. Alikuwa akirusha mbegu kwa mkono, na ndege na chungu wana fungu lao humo, hivyo alitoa nyingi. Dada, aliyetia punje chache katika kila tundu, alitoa kidogo.

"Maji."

Hamed alikuwa amenunua zamu za ziada mnadani, za kulainishia ardhi na za mwisho wa msimu, na muuzaji hulipwa ngano. Akatoa. Dada hakutoa kitu.

"Mshika plau."

Akatoa. Watu walikuwa wameshaanza kusogea karibu. Sasa dada akaita wale wanawake wawili wa magugu, akawapimia haki yao mbele ya wote, pishi baada ya pishi, na fungu lake likapungua sana. Nilitaka kumwambia apunguze mkono. Hakupunguza. Mafungu mawili yakawa karibu sawa, na la Hamed bado limezidi kidogo.

"Basi," Hamed alisema. "Mafahali ni wangu, simlipi mtu."

"Wanakula nini mafahali wako, Hamed?"

"Majani."

"Majani yanaota wapi?"

Majani ya mifugo yalikuwa yanachukua shamba jingine zima la Hamed, na maji yake, mwaka mzima, kiangazi na baridi. Na mtama wake ukishavunwa, mabua yote huenda kwao. Kila mtu pale alilijua hilo. Hakuna aliyewahi kulileta kiwanjani. Hamed angeweza kuondoka, na hapana ambaye angemlaumu. Badala yake aliinama, akachukua pishi mwenyewe, akaanza kutoa fungu la mafahali. Alitoa, akafikiri, akatoa tena. Aliposimama, fungu la dada lilikuwa kubwa kuliko lake.

"Walaahi," alisema, akipangusa jasho, "nimewalisha mafahali hawa miaka kumi na leo ndiyo nimewaona wanakula."

Watu walicheka, naye akacheka. Kisha akanigeukia. "Nassor, mwambie ammi mie sina neno. Lakini mwambie pia, mie siwezi kufanya kama dadako. Nikiyaacha mabua shambani, ng'ombe wangu watakufa. Hii ni njia ya asiye na ng'ombe."

"Ndiyo niliyosema siku zote," dada alijibu. "Mie sina ng'ombe."

Ngano yake ilitosha kumfikisha mavuno mengine, na ikabaki ya kumgaia Bi Rayya gunia. Nilimsikia akimwambia, walipokuwa wanalifunga, "Msimu ujao usingoje foleni. Ntakuja na mtaimbo wangu, tutaanza kwako." Bi Rayya alijifunika uso kwa mtandio.

Kurudi. Nilikaa siku nyingine mbili ambazo sikuwa na haja nazo, nikibeba makapi na kuyatazama maji. Asubuhi ya kuondoka nilimuuliza dada kama hapati upweke.

"Napata," alisema. "Maskati pia nilipata, na kule sikuwa na shamba."

Akanipa mfuko wa ngano ya watoto. Fanja nilipita kwa mzee wa kahawa kama alivyotaka, nikamsimulia yote, na safari hii hakucheka mtu. Aliniuliza urefu wa tundu. Nikamwonesha kidole changu, akakipima kwa chake.

Juu ya lori nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Huu unga ninaouza mie ni rahisi, kweli, kwa mwenye pesa mkononi. Dada hana pesa. Ana ardhi ndogo, maji kidogo na siku chache za baridi, na amejifunza asimpe mtu yeyote hata kimoja cha hivyo bila sababu. Nilikuwa nikidhani mkulima bora ni yule anayevuna nyingi. Sasa nnamtazama anayebaki na nyingi, na nnauliza alichotoa kabla ya kupata. Hata dukani nimeanza kutazama hivyo, na tajiri wangu ananiona nimekuwa msumbufu.

Ammi alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta ndevu, akauliza tu, "Na magoti yake?" Nikamwambia ukweli. Wiki ile alimpelekea mafuta ya kuchua na blanketi, na maneno ya kumrudisha hayakusemwa tena barazani.

Lakini nimeruka jambo. Nilifika lango la mji wa Maskati jua halijazama, mfuko begani. Askari alinisimamisha akauliza nimebeba nini.

"Ngano."

"Ya kuuza?"

"Ya kula. Tutapika boko-boko."

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa punje chache, akazitazama kwenye mwanga. Zilikuwa nene, zimejaa. Akatia moja mdomoni, akaitafuna polepole.

"Nzuri hii," alisema. "Imelimwa wapi?"

"Haikulimwa," nilimwambia. "Dada yangu ameipanda."

Alinitazama kidogo, akaona sina mzaha, akanifungulia njia.